Kompyuta Ikiondoka Leo, Utabaki na Nini?

Hotuba kuhusu nakala za akiba za kazi za kompyuta, kwa makatibu na watunza hazina wa vikundi vya kuweka na kukopa, walimu na wenye steshenari, Mbeya mjini. Nimeiweka yote kama nilivyoisema, kwa ajili ya waliozuiwa na mvua na waliokuwa msibani Tukuyu. Picha za ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Walimu, mama zangu wa vikundi, vijana wa steshenari, mugonile. Na ninyi mliodamka gizani kutoka Makambako na Mafinga, kamwene.

Nimepewa nusu saa na mwenyekiti ameshaanza kuangalia saa yake, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Naomba mikono. Nani hapa anatunza mali ya watu wengine ndani ya kompyuta? Nasema daftari la mikopo, matokeo ya wanafunzi, kazi za wateja, picha za harusi. Naam, karibu ukumbi mzima. Shusheni. Sasa swali la pili: kompyuta hiyo ikiibwa leo jioni pale Kabwe, nani kesho saa mbili asubuhi anaweza kunisomea mwanachama fulani alikopa kiasi gani, amerejesha kiasi gani na amebakiza kiasi gani?

Mbona kimya?

Haya, tutakwenda taratibu. Kuna katibu mmoja, simtaji, kikundi chake kiko huko Rungwe. Mama makini kweli. Alipokabidhiwa ukatibu alikuta madaftari yaliyolowa chai na mafuta ya taa, akakaa nayo usiku kwa usiku akayaingiza yote kwenye Excel: hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii. Historia nzima ya kikundi ikaingia humo. Siku moja anakuja mjini benki, gari likasimama Uyole, akashuka kununua maji. Aliporudi kwenye kiti chake, begi la laptop halipo.

Alilia? Wala. Aliwapigia wenzake akawaambia msihofu, nina nakala kwenye flashi. Wakamuuliza, flashi iko wapi? Naona mmeshaanza kucheka. Flashi ilikuwa kwenye kamfuko ka mbele ka begi lilelile.

Ikabidi uitishwe mkutano, kila mtu aje na kitabu chake, waanze kukokotoa upya. Wenye akiba kubwa walikuja na vitabu safi vimefungwa kwenye nailoni. Wenye madeni makubwa, maajabu ya Mungu, vitabu vyao vingi vilikuwa vimeliwa na panya. Siku ile walitukanana watu waliozikana na kuozana, na wapo ambao hawajapatana mpaka leo.

Niambieni basi: kikundi kile kilipoteza laptop? Laptop ya mtumba walichanga wakanunua nyingine. Walichopoteza hakiuzwi dukani.

Na wizi ni mlango mmoja tu. Huku kwetu mvua zinaanza Novemba mpaka huko Aprili, na radi za nyanda za juu mnazijua wenyewe. Umeme unakatika, unarudi kwa kishindo. Wengi wetu laptop zetu betri zilishakufa, zinaishi kwa waya, umeme ukikatika na yenyewe inazimika katikati ya kuandika. Zile diski za zamani ndani yake mna sahani inayozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika, na juu yake kuna sindano inayoelea karibu kabisa na sahani bila kuigusa. Idondoshe ikiwa inafanya kazi, uone. Ukisikia diski inagonga tik, tik, tik, izime palepale. Usiwashe tena ili uhakikishe. Kila unapoiwasha unaikwangua.

Watu husema, aa, fundi atarudisha. Fundi si mganga, jamani. Kwenye diski za sahani, faili lililofutwa mara nyingi hubaki mahali pake mpaka liandikwe kitu kingine juu yake, na hapo fundi ana pa kuanzia. Lakini hizi diski mpya za SSD, zisizo na kitu kinachozunguka, kompyuta yenyewe huziambia zisafishe nafasi iliyoachwa. Umefuta, umeondoa kwenye pipa la taka, umekaa siku mbili: usimlaumu fundi.

Sasa, nakala ni nini? Hapa ndipo napotaka tukae.

Hapa mjini sina haja ya kumweleza mtu moto ni nini. Soko la Mwanjelwa liliungua 2006. Soko la SIDO pale jirani likateketea 2017. Wapo humu waliosimama barabarani wakitazama. Chukua mwenye steshenari aliyekuwa na kompyuta juu ya meza, na diski ya akiba kwenye droo ya meza ileile. Alikuwa na nakala ngapi? Nasikia mtu anasema mbili. Alikuwa na moja. Nakala mbili zinazoungua pamoja ni nakala moja. Nakala mbili zinazoibwa kwenye begi moja ni nakala moja. Nakala mbili zinazopigwa na radi kwenye soketi moja ni nakala moja.

Na msidhani ni ushamba wetu. Tarehe 10 Machi 2021, huko Strasbourg, Ufaransa, jengo la OVH, kampuni kubwa ya kutunza sava, yaani zile kompyuta zinazobeba tovuti na kazi za watu mtandaoni, liliteketea usiku. Ndani mlikuwa na tovuti na kazi za wateja wa nchi nyingi. Wapo wateja waliokuwa na nakala za akiba, tena wengine walizilipia, ila zilikuwa zimewekwa palepale. Zikaenda na moto.

Bibi zetu huku walilijua hili kabla ya umeme. Mahindi ya kula yalikaa kihengeni. Ya mbegu yalifungwa kwa maganda yake yakatundikwa juu ya meko, moshi uyalinde na fukusi, na njaa iingie isiingie, hayo hayaguswi. Hakuna aliyewaandikia kanuni. Mwaka 2005 mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, aliiandika kwa ajili ya wapiga picha wenzake, na leo mafundi wa dunia nzima wanaitaja kwa tarakimu: tatu, mbili, moja. Nakala tatu ukihesabu na ile unayofanyia kazi. Ziwe kwenye vyombo vya aina mbili, kwa mfano laptop na diski ya nje. Na moja iwe mahali pengine kabisa, pasipofikiwa na moto huohuo wala mwizi huyohuyo.

Mahali pengine ni wapi? Kwa kikundi ni rahisi mno. Flashi moja inakaa kwa mwenyekiti, kata nyingine. Mkikutana mwisho wa mwezi mnabadilishana, ya kwake inarudi kwa katibu, iliyojazwa jana inakwenda kwake. Bei ya flashi ni ndogo kuliko faini za kuchelewa mnazotozana kwa mwezi, na mnatozana kweli, nawajua.

Hapo kijana wa mbele ananitazama kwa huruma, anasema moyoni, mzee huyu bado yuko kwenye flashi, mimi vitu vyangu viko Google. Vizuri. Nakuja kwako.

Google wanakupa gigabaiti 15 za bure, lakini hizo ni za barua pepe, mafaili ya Drive, yaani ghala lao la mtandaoni, na picha, vyote vinagombania chumba kimoja. Picha za send-off zikijaza, barua zinaanza kukataa kuingia, na nakala mpya hazipandi tena. Wewe unaona ile alama, unaibonyeza iondoke, unaendelea na maisha. Nakala yako ya mwisho ni ya mwaka juzi na hujui.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Kuoanisha vyombo viwili, kile wanachokiita sync, si kuweka akiba. Folda lako likiwa limeunganishwa na Drive, unachokifanya kwenye laptop kinafanyika kule juu pia. Ukiandika, kimeandikwa. Ukiharibu, kimeharibika. Ukifuta, kimefutwa. Kuna mwalimu wa sekondari, alama zote za kidato cha tatu na cha nne zilikuwa humo. Shule zilipofungwa, mtoto wake akahitaji nafasi ya kuweka gemu, akaona folda kubwa lisilo na jina la maana, akalifuta. Likafutika kwenye laptop, likafutika kwenye simu, likafutika huko juu. Pipa la taka la Drive linashika kitu kwa siku 30, halafu linajimwaga. Mwalimu amefungua kompyuta shule zinafunguliwa. Nani atamlaumu mtoto? Kwa mtoto lile lilikuwa folda linaitwa "Mpya 2".

La tatu, ufunguo. Umefungua akaunti kwa laini ya simu uliyoiacha kuitumia. Laini isiyotumika inafungwa, baadaye namba inaweza kupewa mtu mwingine. Simu imeibwa, unataka kuingia Google kwenye simu mpya, inatuma tarakimu za uhakiki kwenye namba ambayo sasa ni ya mtu wa Kyela. Pale kwenye mipangilio ya usalama unaweza kuchukua namba za siri kumi za dharura. Zinakiliwe kwa kalamu, kwenye karatasi, zikae na cheti chako cha kuzaliwa. Na akaunti isiyoguswa miaka miwili Google wanaweza kuifuta na vyote vilivyomo. Hilo lilianza kutekelezwa Desemba 2023.

Sisemi msitumie Google. Mimi natumia kila siku. Nasema iwe moja kati ya tatu.

Kuhusu WhatsApp nitasema kidogo tu, maana nikianza hatutakunywa chai. Kujitumia faili kwenye grupu si kulitunza. Badilisha simu baada ya muda, nenda kaliguse, uone linavyogoma kupakuliwa. Afadhali ujitumie kwa barua pepe, ambayo ina tarehe na inakaa. Tena msiniambie bando. Daftari la Excel la wanachama thelathini, miaka mitatu mizima, halifikii uzito wa picha moja iliyopigwa na simu yako. Video ya mtoto akicheza muziki unaituma kwa mashangazi wote, daftari la kikundi bando linaisha?

Sasa steshenari. Vijana wangu, mnajua mnachofanya nanyi. Flashi inaingia mashine yenye virusi, mteja anafika nyumbani, mafaili yote yamegeuka kuwa vijishale vya njia ya mkato, akibonyeza hakuna kitu. Anarudi analia. Na ninyi mnamwambiaje? "Hii tufomati tu." Msifomati! Kirusi kile mara nyingi hakijala faili, kimelificha. Kwa attrib, amri ya Windows ya kuficha na kufunua mafaili, linafunuliwa, safisha kirusi, mteja anakwenda na kazi yake. Mwenye research ya chuo umemfomatia flashi mwezi wa kutetea, hiyo dhambi utaipeleka wapi?

Kile cha kuficha ni cha kitoto. Kuna vinavyofunga. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilizunguka dunia kwa siku chache. Kilikuwa kinayageuza mafaili yasisomeke, kisha kinakuwekea tangazo: lipa dola 300 kwa Bitcoin, ile pesa ya mtandaoni. Hospitali nyingi za umma za Uingereza ziliahirisha wagonjwa. Na tundu kilimopitia, Microsoft wenye Windows walikuwa wameshaliziba tangu Machi. Walioumia ni wale ambao hawakuweka kiraka. Wenye Windows 10 mnanisikia? Hiyo viraka vyake vya kawaida vilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Kirusi cha namna hiyo kikiingia kinafunga kila kinachokiona. Diski ya nje iliyochomekwa nacho kinaiona. Kwa hiyo diski ya akiba ichomeke, nakili, chomoa, weka kabatini. Diski inayolala imechomekwa ni sehemu ya kompyuta, na hata radi inaihesabu hivyo.

Nimebakiza jambo ambalo watu wazima na kampuni zao wanalikosea, na ndilo hasa lililonileta hapa. Mwenyekiti, dakika chache.

GitLab ni kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani. Hawa kompyuta ndiyo kula yao. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao, amechoka, usiku, alifuta data kwenye sava akidhani yuko kwenye nyingine. Alipogutuka na kusimamisha, karibu yote ilikuwa imekwenda. Si kitu, wana nakala. Walikuwa na njia tano za kuweka nakala. Tano! Wakaanza kuzifungua. Moja ilikuwa haifanyi kazi kwa muda sasa, faili tupu. Nyingine haikuwahi kuwashwa pale ilipohitajika. Na barua za kuonya kwamba kazi imeshindikana zilikuwa zinakataliwa njiani. Wakaokolewa na nakala ambayo mtu aliitengeneza saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kazi ya saa zile sita ikapotea. Na walilieleza wenyewe hadharani, hatua kwa hatua, jambo ambalo mimi nawaheshimu kwalo.

Kwa hiyo nawauliza: lini mara ya mwisho ulifungua nakala yako? Sisemi kuiweka. Kuifungua. Flashi ile ya terabaiti mbili uliyoiuziwa kwa bei ya mchicha, uliijaribu? Flashi za bandia zinadanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Zinapokea, zinapokea, majina ya mafaili unayaona yote, lakini baada ya kujaa kweli linaloingia linamwagika au linakanyaga la zamani. Utagundua siku unayolihitaji.

Njia ya kujaribu haina utaalamu. Chukua nakala, nenda kwenye kompyuta ya mtu mwingine, fungua faili, shuka mpaka mstari wa mwisho. Je, ni mkopo wa juzi au wa mwaka juzi? Maana kuna na hili la majina. Mmeona folda zetu: "Mahesabu mwisho", "Mahesabu mwisho kabisa", "Mahesabu mwisho hasa tumia hii". Ni lipi? Mwanafunzi mmoja alikopi la zamani juu ya jipya kwa sababu hiyo tu, sura mbili za research zikayeyuka, na hakuna kirusi wala mwizi wa kumlaumu. Anzeni jina kwa mwaka, mwezi, siku, hivi: 2026-01-30 mikopo. Yatajipanga yenyewe. Na la mwezi uliopita msilifute. Kosa la kukokotoa huonekana baada ya miezi miwili, mitatu.

Mama yangu pale aliuliza kwa karatasi: "Na siri je? Flashi ya mwenyekiti ikiokotwa?" Swali zuri. Majina, namba za simu, madeni ya watu, hizo ni taarifa binafsi, na nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inatumika tangu Mei 2023. Wekeni nenosiri kwenye faili la Excel kabla halijatoka kwa katibu. Lakini nenosiri lijulikane na watu wawili. Mwaka jana nililetewa laptop ya marehemu. Mjane anataka picha za mumewe, na kikundi kinataka daftari. Alikuwa katibu wa mfano, nakala zake zote ziko mahali pake, tatu kamili, zote zimefungwa, na nenosiri amezikwa nalo. Andikeni kwenye karatasi, bahasha, gundi, sahihi juu ya gundi, ikae kwa mwenyekiti. Bahasha ikionekana imefunguliwa, nenosiri linabadilishwa siku hiyohiyo.

Chai imefika, naiona kule nyuma, lakini haiguswi bado. Kaeni wawili wawili na jirani usiyemjua. Toa flashi yako, chomeka kwenye laptop ya mwenzako baada ya yeye kuipitisha kwenye antivirusi, fungua faili moja tu unaloliona la maana kuliko yote, soma mstari wa mwisho na tarehe yake. Asiye na flashi aingie kwenye barua pepe yake kwa laptop ile ya mezani, bila kutumia simu yake, tuone kama anaingia. Ambaye faili lake limefunguka asogee kwenye maandazi. Ambaye limegoma abaki hapa mbele na mimi, na asione haya, tutakuwa wengi. Mwenyekiti, kipaza sauti hiki hapa.